Grzimek: Daktari wa mifugo aliyeitetea Serengeti na swali alilotuachia

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

MAJI ya Ghuba ya Mwanza yanayopiga ufuko wa Butimba ndiyo hayo hayo yanayokizunguka kisiwa cha Saanane, kilicho umbali wa kilometa mbili hivi kutoka katikati ya jiji. Wakazi wengi wa Mwanza wanakifahamu kisiwa hicho kama mahali pa matembezi ya mwisho wa juma, na pa ziara za wanafunzi wanaopelekwa kuwaona wanyama.

Wachache wanakumbuka kuwa kisiwa hicho kilikuwa makao ya mtu. Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima, alihamishwa na serikali kwa fidia ili mahali pake pawe bustani ya wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kuwa ya kwanza ya aina yake nchini. Alibakiza jina lake tu.

Wachache zaidi wanajua kuwa baadhi ya wanyama waliofikishwa Saanane hawakuja kukaa. Kisiwa hicho kilikuwa kituo cha kuwahifadhi kwa muda, kabla ya kuvushwa kwenda Rubondo, kisiwa kikubwa kilicho upande wa kusini magharibi wa Ziwa Victoria.

Jina linalotajwa kila inaposimuliwa habari ya Rubondo ni la Profesa Bernhard Grzimek, Mjerumani ambaye kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Huyu ndiye aliyeifanya Serengeti ijulikane duniani kote. Ndiye pia aliyeshikilia kwa maisha yake yote kwamba ardhi ikishatengwa kwa ajili ya wanyama, binadamu hana budi kuiachia, hata akiwa mwenyeji wake.

Kauli hiyo imewapa Watanzania fahari na mapato. Imewapa pia mgogoro ambao haujaisha. Kwa hiyo maisha ya mtu huyu yanastahili kusimuliwa yote, pamoja na yale aliyoyapatia na yale ambayo hakuyatilia maanani.

Kutoka Neisse hadi Frankfurt

Bernhard Grzimek alizaliwa Aprili 24, 1909 katika mji wa Neisse, uliokuwa Ujerumani wakati huo na ambao sasa uko Poland kwa jina la Nysa. Baba yake, mwanasheria, alifariki dunia mtoto huyo akiwa na umri wa miaka mitatu.

Alisomea udaktari wa mifugo katika miji ya Leipzig na Berlin, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1933. Kazi zake za mwanzo zilikuwa za kuku, mayai na magonjwa ya mifugo, katika wizara iliyohusika na chakula na kilimo. Mtu ambaye baadaye angeonekana kuwa mpinzani wa wafugaji alianza kwa kuwatibia ng'ombe.

Ulikuwa wakati wa utawala wa Adolf Hitler, na sehemu hiyo ya maisha yake ina utata. Kumbukumbu zilizojulikana baadaye zinaonyesha kuwa alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1937, jambo ambalo yeye mwenyewe alilikana. Hata hivyo, mapema mwaka 1945 polisi wa siri walipekua nyumba yake ya Berlin, kwa kuwa alikuwa akiwapelekea chakula Wayahudi waliojificha. Akakimbilia Frankfurt.

Huko alikuta bustani ya wanyama iliyoharibiwa kwa mabomu, yenye wanyama wakubwa wachache tu waliosalia hai. Mei 1, 1945 akawa mkurugenzi wake, na Julai 1 mwaka huo huo bustani ikafunguliwa. Katika mji uliokuwa magofu na wenye njaa, wengi waliona kuwa kulisha wanyama ni anasa. Grzimek aliwavutia watu kwa maonyesho ya sarakasi na michezo, akakusanya viingilio na kuijenga upya. Aliiongoza kwa miaka 29, hadi mwaka 1974.

Mwaka 1956 alianza kipindi cha televisheni kuhusu wanyama, kilichoendelea hadi alipofariki dunia miaka 31 baadaye. Mara nyingi aliingia studio akiwa na mnyama hai mkononi au mezani, na mwishoni aliomba michango. Hakuna aliyewahi kuwafanya Wajerumani wengi kiasi kile wawapende wanyama wa nchi ambayo hawajafika.

Ndege yenye milia

Mwaka huo huo wa 1956 yeye na mwanawe, Michael, walitoa filamu kuhusu kutoweka kwa wanyama wa Afrika. Ilipata fedha nyingi kuliko walivyotarajia. Wakataka kuzitumia kununua ardhi ya kupanua Serengeti.

Kanali Peter Molloy, aliyekuwa mkurugenzi wa hifadhi za taifa za Tanganyika, aliwashauri vinginevyo. Ardhi haikuwa tatizo la kwanza, kwani hakuna aliyejua wanyama wapo wangapi na wanahama kupitia wapi. Bila majibu hayo, mpaka wowote ungechorwa kwa kubahatisha.

Baba na mwana walijifunza urubani. Desemba 1957 waliondoka Ujerumani kwa ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, iliyopakwa rangi ya milia ya pundamilia, wakaruka hadi Tanganyika. Waliweka makazi Banagi, ndani ya Serengeti, wakaigawa nchi yote katika vipande na kuruka juu ya kila kimoja wakihesabu. Wanyama wengine waliwakamata na kuwavisha kola za rangi ili waonekane wanakoelekea.

Mwaka 1958 walipata jumla ya nyumbu wapatao 99,000. Idadi hiyo ilikuwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na kwa vipimo vya baadaye huenda walihesabu pungufu. Lakini jambo kubwa zaidi walilolibaini halikuwa idadi. Waliona kuwa katika majira ya mvua makundi makubwa hujaa kwenye mbuga za nyasi fupi upande wa mashariki, hasa sehemu ambazo serikali ya kikoloni ilikuwa ikikusudia kuziondoa hifadhini.

Mpaka wa mwaka 1959

Hapo ndipo mnyama na mtu walipokutana mezani. Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ilijumuisha Ngorongoro, na Wamasai waliruhusiwa kuendelea kuishi ndani yake na mifugo yao. Haukupita muda mrefu kabla ya mvutano kuzuka juu ya maji, malisho, moto na kilimo.

Mwaka 1956 serikali ilipendekeza kuigawa hifadhi. Wahifadhi wa Ulaya na Marekani wakapiga kelele. Mtaalamu wa ikolojia, Profesa W. H. Pearsall, akatumwa kuchunguza, na mwaka 1957 ikafuata kamati ya uchunguzi. Mwishowe uamuzi ulikuwa wa kugawana. Nyanda za juu za Ngorongoro pamoja na kreta zingekuwa eneo la matumizi mseto, ambamo mfugaji na mnyamapori wangeishi pamoja. Serengeti ingebaki ya wanyama peke yao.

Aprili 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti, huku wakiahidiwa maji, huduma na usalama wa makazi upande wa Ngorongoro. Mpaka mpya ulianza kutumika Julai 1, 1959.

Grzimek hakuridhika. Kwa hesabu zake, mpaka huo uliikata njia ya nyumbu katikati, na jambo hilo alilipatia. Hadi leo nyumbu huzalia kwa wingi Ndutu na maeneo ya jirani, ndani ya Ngorongoro, nje ya hifadhi ya taifa. Kwa maneno mengine, msafara wa nyumbu unaovuta watalii duniani unategemea ardhi ambayo mfugaji wa Kimasai amekuwa akiitumia pamoja nao.

Lakini hapo hapo ndipo udhaifu wa hoja yake unapoonekana. Ikiwa makundi hayo yalikuwapo katika nchi ambayo wafugaji waliishi kwa vizazi, basi ng'ombe peke yake hawezi kuwa adui wa nyumbu. Grzimek aliuona wingi wa wanyama, akauogopa wingi wa mifugo, na hakuuliza vya kutosha ni kwa mwenendo gani wa wenyeji mambo hayo mawili yaliwezekana kwa pamoja.

Kifo cha Michael

Januari 10, 1959, kabla kazi haijakamilika, Michael alikuwa akiruka peke yake pale ndege ilipogongana na tumbusi. Bawa likaharibika, ndege ikaanguka. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mahali palipojengwa mnara wa mawe wenye umbo la piramidi. Magari ya watalii yanayoshuka kreta hupita hapo kila siku.

Baba alimalizia kitabu na filamu walivyovianza pamoja, vyote viwili vikibeba ujumbe kwamba Serengeti haipaswi kufa. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Huzuni ya baba aliyempoteza mwanawe iliipa Serengeti sauti ambayo takwimu peke yake zisingeweza kuipa.

Tanganyika ilipokaribia uhuru, wahifadhi wengi wa Ulaya waliamini kuwa Waafrika wakishika madaraka hifadhi zitakwisha. Grzimek alichagua kushirikiana na viongozi wapya. Septemba 1961, katika mkutano uliofanyika Arusha, Julius Nyerere alitoa azimio lililotamka kuwa wanyamapori ni amana ya taifa, na kwamba kuwatunza kunahitaji fedha na utaalamu kutoka nje pia.

Mjerumani huyo alielewa kuwa mwananchi asiyeona faida hatavumilia hasara. Kwa hiyo alipigia debe utalii. Inasimuliwa kuwa aliwatangazia watazamaji wake safari za Afrika Mashariki wakati safari hizo hazijapangwa na kampuni yoyote. Watu wakajaa kwenye ofisi za mawakala wakizidai, nao wakalazimika kuzianzisha.

Chanjo iliyowaokoa nyumbu

Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walianza kuongezeka kwa kasi. Hesabu ya mwaka 1961 ilipata zaidi ya 250,000, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya milioni moja. Tangu hapo idadi imebaki karibu na milioni 1.3.

Wengi hudhani ongezeko hilo ni matunda ya ulinzi peke yake. Ulinzi ulisaidia, hasa dhidi ya mitego ya nyaya ya majangili. Lakini sababu kubwa iliyothibitishwa na watafiti ni kutoweka kwa sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuteketeza ng'ombe, nyati na nyumbu kwa pamoja.

Sotoka iliondoka kwa nyumbu kwa sababu ng'ombe wa wafugaji waliozunguka hifadhi walichanjwa. Ndama wa nyumbu, waliokuwa wakifa kwa wingi kabla ya kutimiza miaka miwili, wakaanza kupona na kukua. Dunia nzima ilitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo mwaka 2011.

Basi daktari wa mifugo alipigania kuwatenganisha ng'ombe na nyumbu, na nyumbu wakaja kuokolewa kwa sindano iliyochomwa kwenye ng'ombe. Mpaka wa hifadhi hauzuii ugonjwa, wala mvua, wala mito. Kilichotokea nje ya uzio ndicho kilichoamua hatima ya walio ndani.

Rubondo na wavuvi wake

Kwa watu wa kanda ya ziwa, kazi ya Grzimek iliyo karibu zaidi ni Rubondo, kisiwa chenye msitu mnene, fukwe za mafunjo na nzohe wa asili. Kilifanywa pori la akiba mwaka 1965. Kabla ya hapo kilikuwa na wavuvi na wakulima, ambao walihamishiwa visiwa vya jirani na bara.

Shirika la wanyama la Frankfurt, chini ya uongozi wa Grzimek, lilishirikiana na serikali kukifanya kisiwa hicho kimbilio. Walipelekwa vifaru weusi 16, twiga, tembo, mbega na korongo. Kati ya mwaka 1966 na 1969 walifunguliwa sokwe 17, waliotoka katika bustani za wanyama za Ulaya baada ya kukamatwa wadogo Afrika Magharibi. Wengi walishangaa iwapo mnyama aliyezoea kizimba ataweza kujitafutia chakula msituni. Waliweza, na vizazi vyao vinaishi huko hadi sasa.

Si kila kitu kilifaulu. Vifaru wote walimalizwa na majangili, na korongo walitoweka. Tembo na twiga, kwa upande wao, wameongezeka sana. Mwaka 1977 Rubondo ikawa hifadhi ya taifa, yenye kilometa za mraba 456, karibu nusu yake ikiwa ni maji.

Maji hayo ndiyo yanayohusu moja kwa moja chungu cha mkazi wa Mwanza. Uvuvi hauruhusiwi ndani ya hifadhi, kwa hiyo sato na sangara huzaliana humo bila kusumbuliwa na makokoro. Mvuvi aliyezuiwa kuingia hunufaika na samaki wanaotoka. Faida hiyo ipo, ila haionekani kwa macho, na anayekamatwa na boti ya doria usiku haioni kabisa.

Alichokidai kwao

Ni haki kusema kuwa Grzimek hakuwataka Waafrika peke yao waachie ardhi. Alidai hivyo hivyo nchini kwake. Alikuwa mstari wa mbele katika kampeni iliyozaa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Ujerumani, katika msitu wa Bavaria, iliyofunguliwa Oktoba 1970. Wenye maslahi ya mbao na uwindaji walimpinga vikali.

Kansela Willy Brandt alimteua kuwa mshauri wa serikali kuhusu hifadhi ya mazingira, lakini mwaka 1973 alijiuzulu kwa kuona serikali haimsikilizi.

Tofauti ni kwamba mkazi wa Bavaria alikuwa na kura, magazeti na mahakama za kupeleka hoja yake. Mmasai wa mwaka 1958 na mvuvi wa Rubondo wa mwaka 1965 hawakuwa na nafasi sawa na hiyo.

Grzimek alifariki dunia Machi 13, 1987 mjini Frankfurt, akiwa ameketi kwenye hema la sarakasi akitazama onyesho la chui milia pamoja na watoto. Majivu yake yaliletwa Tanzania na kuzikwa kando ya Michael.

Deni linaloendelea

Miaka mingi baada ya kifo chake, Tanzania ina hifadhi za taifa zaidi ya 20. Saanane yenyewe, baada ya kuwa pori la akiba mwaka 1991, ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ikiwa miongoni mwa ndogo kuliko zote nchini. Swali la nani aondoke na kwa masharti gani limebaki pale pale.

Ngorongoro ilianza mwaka 1959 ikiwa na wakazi wapatao 8,000, na katika miaka ya 2020 walikuwa zaidi ya laki moja. Mwaka 2022 serikali ilianza kuwahamishia wengine Msomera, wilayani Handeni, ikieleza kuwa ni kwa hiari, huku watetezi wa wafugaji wakilipinga dai hilo. Wilayani Bunda, wakazi wa kata ya Nyatwali wametakiwa kupisha kwa fidia, ili wanyama wa Serengeti wayafikie maji ya Ghuba ya Speke.

Butimba nako hakuko nje ya hesabu hii. Ufuko wake ni mazalia ya samaki, ni mwalo wa wavuvi, ni kiwanja kinachotamaniwa na wajenzi, na ni chanzo cha maji ya bomba ya jiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Anayeambiwa avunje kibanda chake huuliza swali lile lile la Mzee Saanane: je, ninachokiachia kitalindwa kweli, na mimi nitaishi wapi?

Grzimek alithibitisha kuwa wanyama wasipotengewa mahali huisha, na historia haijamkanusha. Ambacho hakukihesabu kutoka angani ni gharama ya waliohama. Hesabu hiyo haihitaji ndege. Inahitaji fidia inayolipwa kabla ya kuhama, ahadi zinazoandikwa na kutimizwa, na sehemu ya mapato ya hifadhi inayofika kwa jirani wa hifadhi ikiwa shule, kisima na zahanati. Mahali ambapo hayo yamefanyika, mwananchi amekuwa mlinzi wa kwanza wa mnyama. Ambapo hayakufanyika, askari wa doria amebaki peke yake.